Je, Wajua? Mwalimu wa Eshisiru, Sanduku la Chuma na Karai ya Rosterman

Je, wajua kwamba mshindi mmoja wa Tuzo ya Nobel aliwahi kushika chaki Eshisiru? Michael Kremer, Mmarekani, alifika Kakamega katikati ya miaka ya 1980, kijana aliyetoka tu kumaliza digrii yake ya kwanza Harvard. Akafundisha mwaka mzima katika Shule ya Sekondari ya Eshisiru, kwa Abatsotso, ndani ya eneobunge la Lurambi, kisha akarudi kwao kusomea uchumi. Miaka ya 1990 alipokuja tena kuwasalimu marafiki, alimkuta mmoja wao akifanya kazi na shirika lililosaidia shule za Busia. Katika maongezi likazuka wazo: mbona msaada usipimwe kama dawa inavyopimwa? Shule hizi zipate sasa, zile zingoje zamu yao, halafu tulinganishe.

Majaribio ya mwanzo yalivunja moyo. Vitabu vya kiada viligawiwa shuleni, wastani wa alama ukabaki palepale. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu awali, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi. Kremer na wenzake hawakufunga daftari. Waliendelea kuuliza hadi wakafika kwenye minyoo: katika utafiti wa shule 75, dawa ya bei ndogo kabisa ilipunguza utoro kwa robo nzima. Oktoba 2019 Kremer alitangazwa mshindi wa Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Hunigusa sana kwamba njia ya kwenda Stockholm ilipitia kwenye ziara ya kusalimiana huku kwetu Magharibi.

Je, wajua kwamba mkulima anaweza kuitaka mbolea kwa moyo wake wote na bado asiinunue? Kremer, Duflo na mwenzao Jonathan Robinson waliwauliza wakulima wa mahindi wa Busia kama wangetumia mbolea msimu uliofuata. Karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotimiza walikuwa kama theluthi moja. Aliyelima Butsotso haelezwi sababu. Pesa huonekana baada ya mavuno, mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye, na katikati hapo pana karo, pana matanga, pana mgonjwa wa kupelekwa hospitali.

Basi watafiti wakabuni mpango wakauita SAFI. Mara tu mahindi yanapovunwa, mtu anamfikia mkulima nyumbani, anamuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mbolea yenyewe italetwa mpaka mlangoni bila nauli. Sharti ni moja: aamue sasa, pesa zingali mkononi. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa asilimia kati ya 47 na 70. Punguzo kubwa la bei lililotolewa baadaye, wakati wa kuiweka shambani, lilifanya kazi karibu sawa na hiyo nauli ya bure iliyokuja kwa wakati wake. Kwa hiyo anayemwita mkulima wetu mvivu hajamtazama vizuri. Nia alikuwa nayo tangu mwanzo, na ilichokosa ni tarehe.

Utafiti mwingine ndio niupendao zaidi. Pascaline Dupas na huyo Robinson walivifuata vyama 113 vya kuchangiana vijijini, Magharibi mwa Kenya. Wanachama wote walihimizwa waweke akiba ya afya: chandarua, dawa ya kutibu maji na kadhalika. Baadhi yao walipewa sanduku dogo la chuma lenye kufuli na tundu la kutumbukizia pesa, na ufunguo wakaachiwa wenyewe. Hapakuwa na riba wala afisa wa kuwasukuma, na kila mmoja angeweza kulifungua usiku huohuo. Hata hivyo matumizi yao kwa afya yaliongezeka kwa asilimia 66.

Wengine walipewa sanduku kama hilo, ila ufunguo ukabaki kwa msimamizi. Ungedhani hao ndio wangeweka zaidi, kwani kishawishi kimefungiwa nje. Haikuwa hivyo. Mtu huogopa kufungia pesa asizoweza kuzifikia mtoto akiugua usiku wa manane. Lile sanduku la kwanza lilimpa mwenyewe mambo mawili: mahali penye jina, na neno la kumjibu ndugu anayekuja kukopa, kwamba zile ni za chandarua. Nguvu kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya chama chenyewe, wanachama walipochangia mfuko wa afya pamoja.

Watafiti haohao walifungulia wachuuzi wadogo wa Bumala akaunti za benki bila ada ya kufungua. Kina mama wa sokoni waliweka akiba zaidi na wakaongeza mtaji wa biashara, ingawa benki iliwakata ada kila walipotoa pesa. Kwa waendesha bodaboda wa baiskeli hapakuonekana mabadiliko yoyote.

Je, wajua kwamba kibaba cha methali kilikuwa kipimo halisi? Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na nafaka za pwani zilipimwa hivyo sokoni. Huku Lurambi haba na haba hujaza gorogoro, mkebe wa kilo mbili unaopimia mahindi na maharagwe.

Na lengo lenye namba je, linaweza kujaza malori? Mwaka 1975 Gary Latham na mwenzake walichapisha habari za madereva wa kubeba magogo huko Oklahoma, Marekani. Kwa muda mrefu waliambiwa wajitahidi kadiri wawezavyo, na malori yao yakibeba asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa. Walipotajiwa lengo moja, asilimia 94, bila nyongeza ya mshahara, mwezi wa kwanza walifika 80. Mwezi wa pili wakashuka hadi 70: walikuwa wakijaribu kuona kama wakubwa wangewaadhibu. Hakuna aliyeadhibiwa, na mwezi wa tatu wakapita 90. Nikiona trekta za miwa zikielekea Kabras, namfikiria meneja ambaye angekasirika mwezi ule wa pili na kuuharibu mpango wote.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza kwa harambee? Mwaka 1972 kiliitwa WECO, chuo cha ufundi kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe, miaka 35 baada ya michango ya kwanza.

Dhahabu ina safari ndefu zaidi. Mwaka 1931 iligunduliwa katika bonde la mto Yala, wakati bei za mazao zilipokuwa zimeporomoka duniani kote, na walowezi waliofilisika wakamiminika Kakamega. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine. Desemba 1932 ilibadilishwa upesi ili ahadi hiyo isiwazuie wachimbaji. Mgodi mkubwa ukawa Rosterman, nje kidogo ya mji, uliotoa takriban aunsi 250,000, yaani karibu tani 8, kabla ya kufungwa mwaka 1952.

Kampuni iliondoka, wenyeji wakabaki na karai zao. Hadi leo wanawake hukaa Rosterman wakisaga mawe na kuosha unga wake, wakitafuta chembe ambayo jicho lisilozoea halioni. Wengi huikusanya kwa zebaki, na zebaki hiyo ikichomwa mvuke wake huharibu ubongo na figo. Hilo linahitaji msaada wa haraka. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo iliyomtambua rasmi mchimbaji mdogo na kumpa njia ya kupata kibali. Tangu 1952 hadi hapo ni miaka 64, na karai za Rosterman hazikuwa zimekauka.