Maji Yapandapo, Tusimwache Mnyama Amefungwa

Wakazi wa bonde la Rufiji wanaufahamu vema mto wao. Kwa vizazi vingi mafuriko yameacha tope lenye rutuba, na juu yake kikastawi kilimo cha mlau. Hata hivyo, mto huo huo ukizidi kiasi huzamisha mashamba na kubomoa nyumba, kama ilivyotokea mwezi Aprili 2024, pale wilaya za Rufiji na Kibiti zilipokumbwa na mafuriko na familia nyingi kulazimika kuyahama makazi yao. Katika msukosuko wa namna hiyo, mbwa alindaye nyumba na paka azuiaye panya ghalani husahaulika kwa urahisi.

Jambo hili si la huruma peke yake, bali linagusa usalama wa watu. Mtu aliyemwacha mnyama wake hushawishika kurudi majini kumfuata, ilhali maji yaendayo kasi hayachagui hodari wa kuogelea, na mamba husogea hadi kwenye mashamba yaliyofurika. Aidha, mbwa wasio na mwenyewe huzurura kutafuta chakula na kung'atana, na hapo kichaa cha mbwa hupata njia ya kuenea.

Kabla ya masika

Maandalizi huanza kwa chanjo. Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na cheti kihifadhiwe pamoja na nyaraka nyingine za familia katika mfuko usiopitisha maji. Kila mbwa awe na mkanda wa shingoni wenye jina la mwenyewe na namba ya simu. Paka aandaliwe kapu lenye mfuniko au boksi lenye matundu ya hewa, na kuku watengewe tenga. Paka asitiwe katika gunia lililofungwa, kwani hukosa hewa. Ni vema pia kupatana mapema na ndugu au jirani anayeishi mwinukoni ili awapokee wanyama.

Siku ya kuhama

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mwenye wanyama asingoje ngazi ya mwisho. Wanyama wapelekwe mwinukoni mapema, wakati njia bado zinapitika kwa miguu, kwa kuwa mtumbwi wa uokoaji huenda usiwe na nafasi yao. Katika mtumbwi mbwa ashikwe kwa kamba fupi, kwani mnyama aliyetaharuki huweza kuupindua.

Endapo haiwezekani kabisa kumchukua mnyama, afunguliwe kamba na mlango wa banda uachwe wazi. Mnyama aliye huru huweza kutafuta mwinuko. Aliyefungwa hana pa kukimbilia. Baada ya hapo mtu asirudi nyuma. Atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa waokoaji.

Katika kambi ya muda

Wanyama wakae sehemu yao, mbali na vyanzo vya maji, majiko na mahali pa kulala. Wapo majirani ambao kwa imani yao hawataki mbwa awe karibu na mahali pa kuswalia au vyombo vya chakula, na wapo wanaowaogopa. Hisia hizo ziheshimiwe: mbwa afungwe kivulini, apewe maji safi, na kinyesi chake kifukiwe.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha akimbizwe katika kituo cha afya hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Maji yanapopungua

Maji yaliyotuama huweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama na ambayo mwaka 2022 iliwapata wakazi wa Ruangwa, mkoani Lindi. Watu wavae viatu vya mpira, na wanyama wasinyweshwe maji hayo. Mizoga isiguswe kwa mikono mitupu wala kutupwa mtoni; ofisa mifugo ajulishwe, nayo ifukiwe katika shimo refu mbali na visima. Nyama ya mnyama aliyekufa maji isiliwe.

Paka na mbwa waliorejea nyumbani wazuiliwe ndani au uani kwa siku kadhaa, kwani harufu na alama walizozizoea huwa zimebadilika, nao hupotea kwa urahisi.

Mwananchi ambaye wanyama wake hawajachanjwa anashauriwa kumwona ofisa mifugo wa kata yake sasa, kabla mvua hazijaanza.