"Utafiti umeonyesha": Pima tofauti kwanza kabla hujatupa vidonge vyako

Bila shaka msomaji umewahi kukutana na taarifa ya aina hii: "Utafiti umeonyesha kwamba wagonjwa wa presha waliotumia mizizi ya mti fulani walipata nafuu kuliko waliomeza vidonge vya hospitali." Wastani wa kundi moja huwekwa kando ya wastani wa kundi jingine, na mshindi hutangazwa papo hapo. Sisi madaktari tunaofanya kazi sehemu kama hapa Chepseon, kando ya barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru, huwapokea wasomaji wa taarifa hizo wiki chache baadaye. Vidonge wamekwisha kuviacha, kichwa kinawagonga, na presha imepanda hadi 190 kwa 110. Wengine hufika wakiwa tayari wamepooza upande mmoja.

Wagonjwa hawa si wajinga. Wengi wao ni watu waliosoma, wanaojitahidi kufuata habari za afya. Walichokosa ni kujua namna ya kuiuliza taarifa maswali mawili. Je, tofauti kati ya makundi ni kubwa kuliko tofauti zilizomo ndani ya kila kundi? Na je, makundi hayo yalianza safari mahali pamoja? Swali la kwanza hujibiwa na hesabu ambayo wataalamu huiita anova, yaani uchanganuzi wa mtawanyiko. La pili hujibiwa na nduguye, ankova. Majina yasikutishe. Mambo yenyewe mchuma chai yeyote anayajua.

Mashina ya chai hayafanani

Tazama shamba moja la chai. Mashina yamepandwa siku moja na kupewa mbolea ya aina moja. Hata hivyo yale ya bondeni hutoa majani mengi kuliko ya mteremkoni, na yaliyopogolewa majuzi hayalingani na yale ambayo hayajapogolewa. Miili ya binadamu ni vivyo hivyo. Hata presha ya mtu mmoja hubadilika, asubuhi ikiwa hivi na jioni vile, akiwa ametulia au akiwa ametoka kupanda mlima.

Kwa hiyo kila utafiti una tofauti za aina mbili. Kuna tofauti kati ya kundi na kundi, ambazo huenda zimeletwa na dawa. Kuna pia tofauti za mtu na mwenzake ndani ya kundi moja, ambazo dawa haihusiki nazo kwa kuwa wote walipewa kitu kile kile. Anova huweka tofauti hizi mbili kwenye mizani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme tunataka kujua kama kifungua kinywa humwongezea mchuma chai nguvu. Watu wanne wanaenda kazini bila kula, wanne wanakunywa chai tupu, na wanne wanakunywa uji. Jioni tunapima kilo. Wa kwanza wamechuma 29, 30, 30 na 31. Wa chai tupu 32, 33, 33 na 34. Wa uji 35, 36, 36 na 37. Wastani ni kilo 30, 33 na 36. Hapa hata mtoto ataona kwamba makundi yametengana, kwani hakuna mtu wa kundi la chini aliyemfikia hata mmoja wa kundi la juu.

Sasa tuseme matokeo yalikuwa hivi: wasiokula 18, 26, 34 na 42, wa chai tupu 20, 29, 37 na 46, wa uji 24, 31, 41 na 48. Piga hesabu, utaona wastani ni ule ule: 30, 33 na 36. Gazeti litaandika kichwa kile kile cha habari. Lakini tazama vizuri: mtu mmoja ambaye hakula kitu amechuma kilo 42, na mmoja wa uji amechuma 24 tu. Ukiwachanganya watu hawa kumi na wawili na kuwagawa upya kiholela, unaweza kupata tofauti kama hiyo bila uji wala chai.

Anova huyasema haya kwa namba moja iitwayo F. Hupatikana kwa kugawa mtawanyiko wa kati ya makundi kwa mtawanyiko wa ndani ya makundi. Katika mfano wa kwanza F ni 54. Katika wa pili ni kama 0.3. Ikiwa karibu na 1 au chini yake, makundi hayajatofautiana kuliko vile bahati tupu ingeweza kuyatofautisha. Kwa makundi matatu ya watu wanne wanne, watafiti hudai F ipite takriban 4.26 ndipo wakubali kwamba tofauti ya namna hiyo ingetokea kwa bahati tupu chini ya mara 5 katika 100. Wastani ni ule ule, lakini hukumu zimeachana kama mbingu na ardhi. Ndiyo maana wastani ulioandikwa peke yake, bila kuelezwa watu walitawanyika vipi, haukuambii kitu.

Hesabu iliyozaliwa shambani

Huenda ukashangaa kusikia kwamba hesabu hizi zinazotumiwa na madaktari hazikuzaliwa hospitalini. Mwasisi wake ni Mwingereza Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London. Huko kulikuwa na rekodi za mavuno ya miaka mingi, na hakuna aliyejua mbolea ilichangia kiasi gani na mvua au udongo kiasi gani. Mwaka 1925 Fisher alichapisha kitabu cha kuwafundisha watafiti namna ya kuzitenganisha tofauti hizo. Herufi F aliipa hesabu hiyo Mmarekani George Snedecor kwa heshima yake.

Hapo ndipo chai inapoingia. Mmoja wa waliofanya kazi na Fisher huko Rothamsted alikuwa Thomas Eden. Mwaka 1929 wawili hao walichapisha pamoja makala kuhusu mbolea za viazi. Baadaye Eden alikwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kutafiti chai. Aligundua taabu ambayo kila mkulima wa Kericho anaifahamu: vipande vya shamba la chai havilingani hata kabla ya jaribio kuanza. Ukitia mbolea kwenye kipande ambacho tangu zamani kina mavuno mengi, utaisifu mbolea kwa kazi ya udongo.

Dawa yake ilikuwa kupima mavuno ya kila kipande kabla ya kuweka mbolea yoyote, kisha kuitumia namba hiyo ya awali kusawazisha mavuno ya baadaye. Fisher alizichukua namba za Eden za vipande 16 vya chai akazitumia kufundishia ankova katika chapa ya mwaka 1932 ya kitabu chake. Naye Eden hatimaye alikuja kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Utafiti wa Chai ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuwa na makao yake hapa Kericho. Taasisi hiyo baadaye iliwekwa chini ya shirika la KALRO.

Kusawazisha mstari wa kuanzia

Turudi kwa wagonjwa wetu wa presha, tena kwa mfano wa kubuni. Kundi la vidonge lilianza na wastani wa 170 likamaliza na 150. Kundi la mizizi lilianza na 160 likamaliza na 148. Mwenye kuuza mizizi atasema: "Sisi tumefika 148, hospitali 150. Tumeshinda!" Lakini wagonjwa wake hawakuwa na presha ya juu kama wale wengine tangu mwanzo.

Ankova huuliza: je, wote wangeanza mahali pamoja, ingekuwaje? Tuseme namba za wagonjwa wenyewe zinaonyesha kwamba kila pointi 10 za ziada mwanzoni huambatana na pointi 6 za ziada mwishoni. Basi tunayaweka makundi yote mawili kwenye 165. La vidonge linashuka kwa 3 na kuwa 147. La mizizi linapanda kwa 3 na kuwa 151. Vidonge ndivyo vilivyoshinda, kwa pointi 4, nasi hatukuongeza mgonjwa hata mmoja.

Mbona tusitoe tu pointi zote 10? Ni kwa sababu mtu aliyepimwa akakutwa na presha ya juu sana leo, mara nyingi akipimwa tena atakuwa chini kidogo hata bila kumeza chochote. Siku ile ya kwanza pengine alikuwa na wasiwasi, au hakulala vizuri. Wauzaji wengi wa dawa za mitaani huishi kwa kushuka huku. Mteja hupimwa akiwa juu, hunywa kikombe, hupimwa tena akiwa chini, na kikombe hupewa sifa zote.

Ushahidi kutoka mashamba ya chai

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kuhusu wachuma chai wa magharibi mwa Kenya waliofariki au kustaafishwa kati ya mwaka 1997 na 2002 kwa sababu ya Ukimwi. Watafiti walitaka kujua ugonjwa huo ulikuwa umewapunguzia nguvu kiasi gani. Kama wangelinganisha kilo ovyo ovyo, wangedanganyika, kwani siku ya mvua si sawa na siku ya kiangazi, na shamba hili si lile. Kwa hiyo walimlinganisha kila mgonjwa na wenzake waliochuma katika shamba lile lile siku ile ile, kisha wakasawazisha umri na hali ya mazingira. Hiyo ni mbinu ya ukoo mmoja na ankova.

Matokeo yake ni kwamba katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini, wagonjwa walichuma pungufu ya wenzao kwa kilo kati ya 4.11 na 7.93 kwa siku, na mapato yao yalishuka kwa asilimia 16 na zaidi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wafanyakazi wa chai wa Kericho walioanza kutumia ARV ulionyesha uwezo wao wa kufanya kazi ukirejea ndani ya mwaka wa kwanza. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba ARV humaliza nguvu anapaswa kuujua ukweli huu.

Mahali hesabu inapogota

Hata hivyo, tusidhani kwamba ankova inaosha kila uchafu. Huweza kusawazisha yale tu yaliyopimwa. Kama waliochagua mizizi ni vijana wanaotembea kwa miguu kila siku, na hakuna aliyeandika jambo hilo, hakuna hesabu itakayoliona. Kinga ya kweli ni kuwagawa wagonjwa kwa kura, wasijichague wala daktari asiwachague. Majaribio ya kifua kikuu yaliyofanywa Afrika Mashariki miaka ya 1970, ambayo yalisaidia kuthibitisha matibabu ya miezi sita, yaligawa wagonjwa kwa njia hiyo.

Aidha, jambo la kusawazisha lazima liwe limepimwa kabla ya dawa kuanza. Na mwisho, F kubwa haimaanishi faida kubwa. Utafiti wa maelfu ya watu unaweza kuthibitisha kwamba dawa inashusha presha kwa pointi moja tu, na pointi moja haimfai sana mgonjwa mwenye 190.

Maswali ya kuuliza

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukisoma tena kwamba "utafiti umeonyesha", uliza haya:

1. Watu walikuwa wangapi katika kila kundi?

2. Mbali na wastani, namba zao zilitawanyika kiasi gani?

3. Makundi yalikuwa sawa mwanzoni? Kama hayakuwa, yalisawazishwa?

4. Waligawanywa kwa kura au walijichagua?

5. Tofauti iliyopatikana ni kubwa ya kutosha kumsaidia mgonjwa?

Kama taarifa haina majibu, ikunje uende nayo kwa daktari wako au kwa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu. Wakati unangoja majibu, endelea kumeza vidonge vyako kila siku kama ulivyoagizwa, hata kama hujisikii kuumwa. Presha haina kawaida ya kupiga hodi, na mshipa ukipasuka kichwani hakuna hesabu ya kuurudisha.