Darubini ya Mji wa Mimba

Najua wenzangu wa Kidato cha Sita watacheka wakiona kichwa cha habari hii, na huenda hata ndugu zetu waliokwisha maliza shule hii wakauliza kijana wa miaka 19 ana shauri gani na matumbo ya akina mama. Mimi ni mtu wa Namoto, upande wa Msumbiji, pale Mto Ruvuma unapokaribia bahari. Kwetu mambo ya uzazi hufundishwa wasichana katika unyago, na sisi wavulana hufukuzwa tusisikie. Lakini mwanamke asipozaa, wanaume ndio wanaokaa barazani kuamua ndoa yake. Basi nimeona si vibaya wanaume nao wakajua kidogo.

Mji wa mimba, ambao wengine huuita kizazi, ni mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kama hakuna mimba, urefu wake ni sentimita 7 au 8 hivi, mkubwa kama pera. Kuta zake ni nene nazo zimelaliana, kama mfuko mtupu. Ndani yake pana utando ambao kila mwezi hukua na kumomonyoka, ndiyo hedhi. Humo yanaweza kutokea mambo mengi: kinyama chenye kikonyo kiitwacho polipu; uvimbe wa faibroidi unaosukuma kuelekea ndani; makovu yanayoshikanisha kuta; au kiambaza cha katikati ambacho mtu amezaliwa nacho. Dalili zake huchanganyana. Huyu hutoka damu nyingi, yule hupata hedhi haba, mwingine mimba zake huharibika, na mwingine hashiki mimba kabisa. Mkono wa daktari juu ya tumbo hauwezi kupambanua vitu hivi.

Tamaa ya kuona ndani ya mwili ni ya zamani. Mwaka 1806 daktari Philipp Bozzini wa Frankfurt, Ujerumani, alitengeneza chombo cha kupeleka mwanga wa mshumaa ndani ya mwili. Mwaka 1853 Mfaransa Desormeaux alionyesha chake, chenye taa ya spiriti na tapentaini. Na mwaka 1869 daktari Pantaleoni alitumia chombo cha namna hiyo kumchunguza mama wa miaka 60 aliyetoka damu baada ya hedhi yake kukoma. Akakiona kinyama ndani, akakichoma kwa dawa. Hata hivyo kazi hiyo haikuenea upesi, maana mwanga ulikuwa hafifu, damu ilifunika kioo, na kuta za kizazi hazikukubali kuachana. Baadaye Mwingereza Harold Hopkins alibuni lenzi za vijiti vya kioo, akaandikisha ubunifu wake mwaka 1959, na picha zikawa safi.

Chombo cha leo huitwa histeroskopi. Ni bomba jembamba, milimita 3 hadi 5, lenye lenzi, nyuzi za kioo zinazopeleka mwanga, na kamera. Hupitishwa katika njia ya uzazi na mlango wa kizazi, wala hakuna mahali panapopasuliwa kwa kisu, jambo ambalo nyumbani hawakuniamini hata nilipoapa. Maji safi ya chumvi hutiririshwa taratibu ili kuta ziachane, na daktari hutazama kwenye skrini: kuta za mbele na nyuma, kisha zile pembe mbili za juu ambako mirija ya mayai hufungukia. Kutazama tu huchukua dakika chache, na mara nyingi mama hapigwi nusu kaputi. Husikia tumbo likikaza kama wakati wa hedhi, kwa hiyo huweza kupewa dawa ya maumivu kabla. Siku zinazofaa ni zile za mara tu baada ya hedhi kwisha, utando ukiwa mwembamba. Mwenye mimba hafanyiwi, wala mwenye maambukizo ya nyonga ambayo hayajatibiwa. Hatari zipo, kama kizazi kutobolewa au kupata maambukizo, ila katika kutazama tu ni nadra.

Mama yangu mdogo alitoka damu nyingi kwa miaka minne. Sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamke asiyezaa huambiwa ameukata ukoo. Na baada ya hayo mumewe akamwacha. Katika hospitali moja alisafishwa kizazi mara mbili. Kusafisha kule ni kukwangua bila kuona, kama mtu anayefagia chumba gizani: ufagio hupita, na kinachoning'inia hupinda kikabaki. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, alivuka Ruvuma pamoja na jamaa wakafika Mtwara. Huko alipimwa kwa ultrasaundi, utando ukaonekana umevimba mahali pamoja, akaandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam. Darubini ikaonyesha polipu, ukubwa wake kama korosho iliyobanguliwa, ikakatwa papo hapo kwa mkasi mdogo unaopita katika bomba lile lile. Bado hajazaa, wala daktari hakumwahidi. Lakini damu imekatika, nguvu zimerudi, na sasa analima. Yule mume hakupimwa hata siku moja.

Hilo la mume nalisisitiza, kwa kuwa mara nyingi kasoro iko kwa mwanamume, au kwa wote wawili, na kupima mbegu zake ni kazi rahisi kuliko hii yote. Tena darubini haioni kila kitu. Huona mlango wa mirija tu, haijui kama mirija yenyewe imeziba. Kwa hilo kuna picha ya eksirei yenye dawa. Faibroidi iliyo nje ya kizazi haiioni pia. Ndiyo maana ultrasaundi hutangulia, nayo ni rahisi kupatikana. Makovu, hata hivyo, darubini huyaona vizuri na kuweza kuyakata. Daktari Joseph Asherman aliyaeleza mwaka 1948, na mara nyingi hutokana na kule kule kukwanguliwa baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Kifua kikuu cha kizazi nacho huyaleta.

Neno langu la mwisho ni la bibi zetu. Mama ambaye hedhi yake imekoma mwaka mzima au zaidi, kisha akaona damu, hata tone, asikae nyumbani. Pengine ni utando umekonda tu, pengine ni polipu, lakini pengine ni saratani, na ikigunduliwa mapema huweza kuponywa. Darubini humwonyesha daktari mahali penye shaka ili akate kipande pale pale. Kwetu huduma hii ni ya miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo aanzie zahanati aombe barua ya rufaa, akumbuke tarehe damu ilipoanza, tena asirudi kijijini kabla ya kuuliza jibu la kile kipande litatoka lini, maana maabara huweza kuchukua siku nyingi.