Gofu ya Visahani Bustanini

Ndugu askari, mchezo tunaowaletea leo hauhitaji fimbo wala mpira. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki mpaka kinaswe na minyororo ya kikapu; mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulianzishwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, Marekani, kwa juhudi za Ed Headrick.

Lakini bustani ni mali ya umma. Watoto hupita, wazee hujinyoosha, na mbwa, wasiojua amri, hukimbia watakako. Kisahani kigumu chenye ukingo mwembamba chaweza kumpasua mtu uso. Sheria ni ile tuijuayo ya uwanja wa shabaha: mwenye zamu hungoja njia iwe wazi, hata wenzake wakinung'unika, na kisahani kikienda kombo, hupaza sauti papo hapo.