Kuksi, chakula baridi cha watu waliopakiwa mu treni

Wandugu wafanyakazi, saa sita ya mchana, jua kali, mutu anaweza kula mchuzi wa baridi? Kule Uzbekistani na Kazakistani, Wakorea wanaoitwa Koryo-saram wanakula hivyo, na wanapenda sana. Inaitwa kuksi.

Hii chakula haina mambo mengi. Wanachemsha tambi nyembamba za unga wa ngano, wanazisafisha na maji baridi ili zisishikane. Mchuzi nao ni maji baridi, vinegre, sosi ya soya, chumvi na sukari kidogo. Juu wanaweka nyama ya ngombe iliyokaangwa, tango, nyanya, yai la kukaanga lililokatwa nyuzi nyuzi, na majani ya kunukia. Kila kitu kinakaa mu sahani yake. Kila mutu anajitilia mu bakuli.

Sasa, Wakorea walifikaje kule mbali na bahari? Hawakwenda kwa mapenzi yao. Tarehe 21 Agosti 1937, Stalin na Molotov walitia saini amri: Wakorea wa mashariki ya mbali ya Urusi wahamishwe. Leta ilisema inaogopa wapelelezi wa Japani. Watu karibu 172 000 walipakiwa mu mabehewa. Safari ilichukua wiki nyingi. Watoto na wazee wengi walikufa njiani. Kule Ushtobe, wengine walichimba mashimo mu udongo wapate kupitisha baridi ya kwanza. Wakati wa vita, wanaume wengi walipelekwa kazi ya lazima, hata mu migodi ya makaa.

Kabichi ya kwao hawakuipata. Basi wakakata karoti nyembamba, wakaitia vinegre, vitunguu saumu na pilipili. Ndiyo ile morkovcha, leo inauzwa masoko mengi ya Urusi. Wajukuu wengi wanasema Kirusi tu, lakini jina la kuksi halikupotea.

Sisi wa Likasi na Kolwezi tunajua gare iliyojaa watu wanaofukuzwa sababu ya asili yao. Mu 1992 na 1993 mimi nilikuwa mtoto, niliona. Tena babu zetu wengi walikuja mu kambi za migodi kutoka Kasai na Rwanda, wakapewa posho ya unga.

Mu sendika tunaandika mishahara, ajali na fidia. Vyungu hatuandiki. Jumapili hii, uliza mama muzee wa kambi: mulikuja na chakula gani, na mulipokosa vitu vya kwenu, mulitia nini?