Laki Tatu za Mguu Wangu

Siku ya pili baada ya ajali, mjomba wa dereva aliyetugonga alikuja wodini na mfuko wa machungwa, bahasha yenye noti na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Alinisalimia kwa adabu, "Mwangaluka, mayu," akakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mguu mzima. Akasema kijana ana mke na mtoto mchanga, hakukusudia, na kwamba sote ni watu wa Tabora, tuyamalize kinyumbani. Ndani ya bahasha mlikuwa na laki tatu. Karatasi ilisema nimezipokea kwa hiari yangu, nimeridhika, na sitadai tena kitu chochote.

Maumivu yalikuwa makali na nyumbani tulishakopa. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Aliyenizuia ni muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, ambaye hakunitajia sheria hata moja. Aliuliza tu, "Dada, daktari wa mifupa ameshakuona?"

Alikuwa hajaniona. Nikamrudishia mjomba kalamu yake, nikamwomba asubiri hadi daktari apite. Daktari alipopita kesho yake na picha ya X-ray, tuligundua kwamba muundi wa mguu wa kulia umevunjika mahali pawili, kwamba hogo peke yake halitatosha, kwamba nitawekewa vyuma na baadaye vitatolewa kwa upasuaji mwingine. Laki tatu zingekwisha kabla sijatoka wodini, na sahihi yangu ingekuwa imekwisha kufunga mlango.

Mimi ni muuza asali. Nanunua kwa warina wa Sikonge, nachuja, nauza mjini kwa chupa na kwa ndoo. Siku ile nilipanda bodaboda na ndoo mbili za lita 20, moja mbele kwa dereva, nyingine katikati yetu. Pikapu ikataka kutupita mahali ambapo haikuwa na nafasi, ikatubana, tukaangukia bega la barabara. Nakumbuka harufu ya asali kwenye lami, na nyuki waliofika kabla ya trafiki.

Mume wangu alifanya jambo moja ambalo mimi nisingelifikiria. Kabla magari hayajaondolewa alipiga picha kwa simu: namba ya pikapu, mahali ilipoishia, alama za matairi, na ile stika ya bima kwenye kioo. Mdogo wangu akaenda kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ambayo polisi wanaitoa na daktari anaijaza kuhusu majeraha. Picha zile na fomu ile ndizo zilizobeba madai yetu kwa miezi 14 iliyofuata.

Watu wengi wanaiona stika ya bima kama kitu cha kumridhisha trafiki barabarani. Hata wenye magari wengi wanadhani bima ndogo haina maana kwa sababu haitengenezi gari lao. Ni kweli haiwatengenezei gari. Imewekwa kwa ajili yangu. Sheria ya Bima ya Magari inalazimisha kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe nayo, na katika mkataba ule mwenye gari ni mtu wa kwanza, kampuni ni wa pili, na wa tatu ni yule ambaye hata jina lake halijulikani siku stika inapokatwa: mpita njia, mwendesha baiskeli, abiria aliyelipa nauli yake. Mtu wa tatu ni mimi niliyelala kitandani. Mjomba wa dereva alikuja kuniomba huruma kwa ajili ya deni ambalo mpwa wake alishalikatia bima, na sidhani kama yeye mwenyewe alilijua hilo.

Stika inaweza kuwa ya bandia au imekwisha muda, kwa hiyo inafaa kuihakiki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kompyuta ambamo ukiingiza namba ya usajili wa gari unaona kama lina bima hai na ni ya kampuni gani. Tulipolipata jina la kampuni tuliiandikia barua mara moja, tukabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hili la barua ni zito kuliko linavyoonekana. Mahakama ikiamua mwenye gari alipe, sheria inaibana kampuni ya bima ilipe kwa niaba yake, lakini kampuni ambayo haikujulishwa mapema kwamba kuna kesi ina njia ya kujinasua. Na kama gari halina bima hata kidogo, wanaobaki kudaiwa ni dereva na mwenye gari, hasa ikiwa dereva alikuwa katika kazi ya mwenye gari.

Babu mzaa baba alikuwa akitusimulia habari za babu yake mwenyewe, mpagazi aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani, miezi mitatu njiani au zaidi. Mpagazi akivunjika mguu huko Ugogo, msafara haukumsubiri. Aliachwa kijijini, na kilichomwokoa, kama aliokoka, ni utani. Wanyamwezi walikuwa na watani karibu kila walikopita, na mtani aliwajibika kukulaza, kukulisha, na ukifa, kukuzika. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa kitandani. Watu wale walijua kwamba barabara inaumiza, wakatengeneza namna ya mgeni kutoachwa peke yake. Leo njia ile ile ya Nyahua, Chaya na Itigi ni lami, magari yanakimbia, na anayekugonga anaweza kuwa mtu wa mkoa ambao hujawahi kufika. Hakuna utani kati yenu. Kuna stika.

Kesi ya trafiki ilikwenda haraka. Dereva alikiri kuendesha bila uangalifu, akatozwa faini, akalipa. Jirani zangu wakanipongeza, wakidhani nimeshinda. Faini ile iliingia serikalini. Madai ya gharama za matibabu ni jambo jingine, la madai na si la jinai, na unalifungua mwenyewe. Hata hivyo tuliomba nakala ya hukumu ile pamoja na taarifa ya polisi na ramani ya ajali, kwa sababu dereva akishatiwa hatiani ni vigumu baadaye kudai kwamba kosa lilikuwa la bodaboda.

Aliyenionyesha njia ni msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu. Watu hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hawakutozi. Alinifanya nimwage risiti zangu zote kwenye mkeka. Kuna za hospitali, kuna za duka la dawa, kuna ya magongo, kuna za nauli ya Mwanza nilikopelekwa kwa upasuaji. Tulijumlisha mara mbili. Nilikuwa nimetumia shilingi 1,870,000 kwa hesabu ya daftari langu. Risiti zilifika 1,240,000.

Laki sita na elfu thelathini hazikuwa na karatasi. Zilikuwa za bodaboda na teksi za kwenda kliniki, za binti aliyenifulia na kunipikia wiki tisa, za fundi wa mifupa ambaye mama mkwe alimleta kwa upendo. Nilizilipa kweli, kila shilingi. Lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za 1992, kwamba hasara ya namna hii lazima itajwe waziwazi kwenye madai na ithibitishwe. Maumivu, ulemavu na mateso mahakama inaweza kuyapima kwa busara yake. Fedha ulizotoa mfukoni zinataka karatasi. Nilimwomba yule binti asaini daftari kwamba nilimlipa, akasaini, na hiyo ikakubaliwa nusu. Teksi hazikupata kitu.

Kampuni ilileta pendekezo lake la kwanza la malipo mwezi wa saba tangu ajali. Lilikuwa dogo, na lilikuja na karatasi yake, iliyochapwa vizuri kuliko ile ya mjomba lakini yenye maneno yale yale: nimeridhika, sitadai tena. Vyuma vilikuwa bado mguuni. Nilikataa kwa barua. Tulikuwa tayari kupeleka malalamiko TIRA na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na baada ya hapo mahakamani, ambako tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya kesi. Hatukuhitaji kufika huko. Lakini nilikuwa nahesabu siku kwa sababu nyingine: madai ya madhara kama haya yana miaka 3 tangu siku ya tukio, na ikipita, mguu wako unabaki wa kwako peke yako. Nawajua wawili waliosubiri ahadi ya "mwezi ujao" mpaka muda ukawapita.

Utingo wa pikapu ile, aliyevunjika mkono, alikwenda njia tofauti. Kwa kuwa aliumia akiwa kazini, mwajiri wake alitoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Michango yake inalipwa na mwajiri, haikatwi kwenye mshahara. Kijana hakuwa akiujua kabisa hadi trafiki alipomtajia.

Mimi nililipwa mwezi wa 14, wiki mbili baada ya vyuma kutolewa na daktari kuandika kwamba matibabu yamekamilika na mguu umebaki mfupi kidogo. Nilisaini siku hiyo. Fedha zilitosha kulipa madeni na kununua ndoo.

Mwezi uliopita nilikwenda Hospitali ya Kitete kumwona shangazi aliyelazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo kijana wa bodaboda, mguu umening'inizwa, mama yake amekaa kwenye stuli. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama na bahasha, anazungumza kwa upole sana. Niliiweka chini chupa ya uji, nikamsogelea yule mama, nikamwamkia, nikamuuliza kama daktari wa mifupa ameshapita.