Usita wa Mui: Chokaa Kwanza, Rangi Baadaye

Maduka mengi ya Usita wa Mui, barabara kuu ya Mji Mkongwe wa Lamu, yamo katika nyumba za mawe ya matumbawe. Mawe hayo hunyonya unyevu. Plasta ya chokaa huuruhusu kutoka. Saruji huufungia ndani, chumvi hukusanyika na ukuta hubambuka. Duka hupendeza kwa muda mfupi, kisha jiwe lenyewe huliwa.

Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kabla ya kubadilisha ukuta, mlango wa nakshi, baraza au kibao cha duka, mwenye jengo aombe kibali cha kaunti na kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.